Mkate wa Mahindi ya Pombe

Siku tuliyomzika Nyakerario, wanaume walikuwa wameshaamua ni nani amemuua. Ni Osman, walisema, yule mwenye duka la jumla pale senta. Ni unga wake wa ngano. Udongo ulikuwa bado mbichi juu ya kaburi la mjukuu wangu wakati Maranga, mwenye kisiagi cha kutusagia unga, aliposimama akajipangusa mikono na kusema mbele ya watu wote, "Kesho hilo duka halitauza tena." Mwanangu Bichage, baba ya mtoto, aliitikia kwa kichwa.

Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na wanawake, leso nimejifunga kiunoni, na nilijua si Osman.

Nitaeleza pole pole, kwa sababu mambo haya ukiyaruka hayaeleweki.

Kitinda mimba wangu, Mourine, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ndogo kule Homa Bay. Mwezi wa sita alikuja kutusalimia hapa Kuria, na kwenye mkoba wake alikuwa na chupa ya jemu imejaa kitu kama uji mzito, kina povu juu, kifuniko kimelegezwa.

"Mama, hii ni chachu ya mkate," akaniambia. "Hakuna hamira ndani. Unailisha unga na maji kila siku, haifi."

Nikaifungua nikanusa. "Si hii ni uji wa juzi?"

Akacheka mpaka akashika mlango. "Wageni wanalipa pesa mingi kwa huo uji wa juzi, mama."

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini kitu cha jikoni nikionyeshwa mara moja kimeingia. Sufuria ndogo unaipaka mafuta, unaweka unga uliokandwa, unaacha ufure kuanzia asubuhi mpaka watoto watoke shule. Sufuria kubwa unaiwekea mchanga chini, unaipasha moto kwanza, ndiyo unatumbukiza ile ndogo ndani. Unafunika na bati, unaweka makaa juu ya bati. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo mkate unaungua tumbo na kichwa bado kibichi.

Mourine aliniachia ile chachu na ujuzi wa mkate wa ngano peke yake. Mimi nikaona huo ni mweupe sana, hauna habari. Nikaanza kuchanganya. Wimbi kikombe kimoja kwa ngano vitatu, ukatoka mwekundu kama udongo wa Kehancha na harufu yake ukaipata ukiwa njiani. Mtama nikauloweka usiku mzima, nikausaga ukiwa na unyevu. Viazi vitamu vya kuponda. Ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi. Karanga za kutwanga, simsim juu. Na sukari guru, ile nyeusi inayotoka upande wa Awendo, naiparua kwa kisu.

Liz, mke wa Bichage, ni Mjaluo wa Kendu Bay, na yeye ni mtu wa kusema ukweli kuhusu chakula. Wa kwanza wa wimbi alipouonja alisema, "Mit!" akakata kipande kingine bila kuniomba. Ndivyo nilivyojua ni mtamu. Nyakerario naye alikuwa na miaka saba, meno mawili ya mbele yameng'oka, na ganda la mkate alikuwa analila kwa pembeni ya mdomo kama mbuzi. Bichage peke yake hakupenda. Alisema kitu chachu ni cha kunywa, si cha kutafuna. Yeye anachoma matofali kule mtoni, akirudi anataka ugali.

Basi mwezi wa nane mvua ikatukuta na mahindi shambani. Yalikuwa yamekauka tayari, tumeyakata na kuyasimamisha, na mvua ikapiga siku kumi na mbili. Tulipoyavua maganda, mengine yalikuwa mazuri, mengine yalikuwa yameshika kuvu ya kijani, na nyingine ya manjano kama vumbi la maua. Bichage aliyatenga. Mazuri yakaingia ghalani, mabaya kwenye gunia pembeni ya mlango.

Kwetu mahindi ya namna hiyo hayatupwi. Ni mahindi ya pombe. Anakuja mama mpishi wa busaa anayachukua, anayachachusha, anayakaanga, na watu wanakunywa wanaimba wanarudi kwao. Nimeona hivyo tangu nikiwa msichana. Mama yangu alikuwa akisema uchachu unakula ubaya wote, na mimi nikaamini hivyo bila kuuliza, jinsi unavyoamini kwamba jua litatoka upande ule ule.

Yule mpishi hakuja mwaka huu. Gunia likakaa hapo. Nilikuwa nalipita kila asubuhi, na mimi si mtu wa kuona nafaka imekaa bure. Nikajiuliza, kama uchachu unaweza kuyasafisha kwenye pombe, kwa nini usiyasafishe kwenye mkate?

Sikuyachukua ovyo. Hilo nataka lijulikane, ingawa halisaidii. Nilimwaga kwenye ungo, nikachagua yaliyooza kabisa nikawatupia kuku. Yaliyobaki nikayaosha maji matatu. Nikayaanika kwenye bati siku mbili. Nikayakaanga kwenye chungu mpaka yakanukia kama mahindi ya kuchoma ya barabarani. Halafu nikayapeleka kwa Maranga, gorogoro tano, yale makopo ya kupimia nafaka.

Maranga alichota kwa mkono akaangalia. "Hii ni ya pombe, nyanya?"

Kulikuwa na wanawake kwenye foleni nyuma yangu. Niliona aibu kusema nawapikia watu wangu. "Ya pombe," nikasema. Akasaga.

Mkate wa unga ule ulitoka na rangi nzuri ajabu. Lakini ulikuwa na uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Bichage aliuma mara moja tu akatema nje mlangoni. "Mama, hii kitu ni chungu." Nikamwambia huo ni mdomo wake uliozoea ugali. Siku ya tatu Nyakerario akasema, "Nyanya, mkate wa leo ni mchungu," na kesho yake akarudia. Nikafikiri nimekaanga kupita kiasi. Nikaongeza sukari guru, nikaongeza simsim, nikaponda ndizi mbili zaidi. Uchungu ukajificha. Akala.

Tuliula wiki tatu. Mimi meno yangu ni machache, nilikuwa nachovya kipande kidogo kwenye chai. Liz na mtoto ndio walikula hasa, asubuhi na jioni, na Nyakerario akabeba mwingine shuleni.

Ugonjwa ulianza kwa kutapika. Halafu tumbo la mtoto likafura, na macho yakawa ya manjano. Liz naye akafuata. Bichage aliwabeba wote wawili kwa pikipiki ya kukodi mpaka Migori hospitali. Liz alilazwa. Nyakerario alikaa siku mbili.

Kwa kweli hata mimi mwanzoni nilisema ni unga wa Osman. Nani asingesema? Kitu kigeni kilichokuwa kimeingia kwenye boma letu ni ngano yake, na pakiti moja ilikuwa na tundu.

Siku tatu kabla ya mazishi akaja Walter, afisa wa afya, kijana mpole mwenye gamubuti na mifuko ya plastiki ya kuchukulia unga. Akakaa kwenye kigoda akafungua kitabu chake.

"Pole sana, nyanya. Niambie tu, watu wa hapa wamekula nini mwezi huu?"

"Kile watu wote wanakula. Ugali, mboga, omena. Na mkate."

"Mkate wa duka?"

"Wa mkono wangu."

"Kwa unga gani?"

"Ngano. Ya Osman."

Akaandika. Halafu akainua macho. "Hamkuwa na mahindi yaliyonyeshewa? Yaliyoshika kuvu? Maana ile kuvu ina sumu inayoua ini, na dalili za mtoto na mama yake ni zile zile. Watu hawajui. Hiyo sumu ukiosha haitoki. Ukikaanga haitoki. Ukichachusha haitoki."

Nilikuwa nimefanya yote matatu.

"Hatukuwa nayo," nikasema. "Ni ngano tu."

Akafunga kitabu. Akaenda kuchukua unga wa Osman kwenye mifuko yake, na watu walipomwona anatoka dukani na ile mifuko, wakaona basi, hata serikali imesema.

Sikuogopa jela. Mtu wa umri wangu jela itamfanya nini? Niliogopa Liz aniangalie. Walter alipopotea kule kwenye kona nilichukua unga uliobaki nikaumwaga chooni, na ile chupa ya chachu nikaitumbukiza humo humo. Nikabaki mimi na mdomo wangu.

Osman ni mtu wa pwani, mwembamba, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu. Alikuwa amekaa na sisi miaka kumi na moja na mkewe, Mwanamvita. Siku ya matanga alileta mfuko mzima wa sukari, wakamrudishia mpaka mlangoni kwake. Siku ya mazishi alisimama nje ya ua, kofia mkononi, mpaka mtu akamwambia aende. Nilimwona. Nilikuwa hatua labda thelathini kutoka kwake. Ningeweza kusema siku hiyo.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Saa nne asubuhi nikasikia kelele za senta. Nikachukua fimbo yangu nikaenda. Kutoka kwangu ni mwendo mfupi kwa mtu mwenye magoti, kwangu ni mrefu.

Walikuwa wanaume kama ishirini. Mlango wa bati ulikuwa umeng'olewa upande mmoja. Pakiti za unga zilikuwa zinarushwa barabarani na kupasuliwa, na mbuzi wa sokoni wamekuja kulamba.

"Fukuza hizo mbuzi!" mmoja akasema.

"Wacha zile, tuone kama zitakufa!" mwingine akajibu, na watu wakacheka.

Osman alikuwa amesimama ukutani, shati limechanika begani. Mwanamvita alikuwa kwenye ngazi na mtoto mchanga amemfunika uso kwa mtandio asivute vumbi. Na Bichage alikuwa na mtaimbo. Alikuwa anaelekea kwa Osman, si kwa unga.

"Bichage," nikaita. "Weka hiyo chuma chini."

"Mama, rudi nyumbani."

"Si unga wa huyu mtu."

Maranga akanishika mkono. "Mama Bichage, matanga imekuchosha. Nenda ulale."

"Huyu nyanya amepewa kitu!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Amepewa ile sukari!"

Wakacheka tena. Mkono wa Maranga ulikuwa bado kwenye wangu. Nikamgeukia yeye, kwa sababu wengine hawangenisikia.

"Maranga, mwezi wa nane, baada ya ile mvua kuacha, nilikuja kwako na nini?"

"Wewe unakujanga na vitu mingi."

"Nilikuja na gorogoro tano za mahindi. Ukachota ukaangalia. Ukaniuliza nini?"

Akatazama ule mlango uliong'olewa.

"Uliniuliza kama ni ya pombe. Nikakuambia nini?"

"Ya pombe," akasema, lakini kwa sauti ya chini.

"Na wewe, tangu unijue, umewahi kuniona nikipika pombe?"

Mimi kanisani nakaa benchi ya mbele. Kila mtu pale alijua. Maranga aliachilia mkono wangu. Akaangalia kiganja chake, kile alichochotea, akakipangusa kwenye suruali.

Nikawaeleza yote. Nikawaeleza jinsi nilivyoosha maji matatu, na bati, na chungu. Nikawaambia vikombe vingapi vya ngano na vingapi vya yale mahindi. Hawakucheka tena. Mtu akisema uongo hawezi kukumbuka vikombe.

Bichage alikuwa bado ameshika ule mtaimbo. "Ule mkate niliotema," akasema.

"Ni huo."

"Nilikuambia ni mchungu."

"Uliniambia."

"Na mtoto?"

"Na yeye aliniambia. Mara mbili."

"Ukafanya nini?"

"Nikaongeza sukari guru. Na simsim, na ndizi. Usisikike."

Pumzi yake ilikuwa inatoka kwa pua kama ya ng'ombe aliyekimbizwa. Nilifikiri amemaliza. Halafu akauliza, "Yule wa afya. Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Kabla tuzike?"

"Kabla."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ni ngano tu."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Yale mahindi, nadhani, angeyabeba. Ni makosa ya mama yeyote wa huku, na gunia alikuwa ameliweka pale mwenyewe. Lakini alikuwa amesimama kwenye kaburi la binti yake akimchukia mtu asiyehusika, na mimi nimekaa mkekani namwangalia. Aliweka mtaimbo chini bila kuupigisha kelele, akapita katikati ya watu, akaenda zake upande wa mtoni. Wanaume wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia Osman pole. Maranga alijaribu kurudisha mlango wa bati mahali pake, ukakataa, akauegemeza tu akaondoka.

"Mama," Osman akaniambia, "ulijua tangu lini?"

"Siku nne."

"Siku nne," akarudia.

Nikainama nikaanza kukusanya unga uliokuwa haujaguswa na mchanga, naurudisha kwenye pakiti kwa viganja. Mwanamvita akashuka ngazi.

"Mama, acha. Tafadhali. Usitushikie unga wetu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na moto. Nikasimama. Jumapili wakapakia vitu vyao kwenye lori, wakaenda. Nilisema mapema ya kuwaachia roho zao, lakini si mapema ya kuwaachia duka.

Jumatatu nilipanda mpaka Migori mwenyewe. Kwanza nikamtafuta Walter ofisini kwake, nikamwambia aandike upya, nikaweka sahihi, jina langu mwenyewe, Nyangi. Aliandika bila kunigombeza. Akaniuliza kama kuna watu wengine wenye mahindi kama yale, nikamtajia maboma manane, na kesho yake akaanza kuzunguka na mifuko yake.

Halafu nikaenda wodini kwa Liz. Macho yake yalikuwa bado ya manjano. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, si cha kwake, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nilikuambia nimeshiba ukaniwekea kipande kingine," akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Sikuwa najua."

"Sawa, Mama."

Akageukia ukuta. Nilikaa hapo mpaka mlinzi akaja kutuambia saa ya kuona wagonjwa imeisha.

Liz alirudi nyumbani wiki iliyofuata, miguu myembamba, anatembea akishika ukuta. Kabla hajafika, Bichage alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amebeba unga, mahindi mazuri ya ghalani, debe zima, na kuni. Akaweka chini.

"Mama, hutalala njaa kwa boma yangu. Nitaleta kila kitu. Lakini hakuna mtu wangu atakula tena kwa mkono wako."

"Nimesikia," nikasema.

Na Liz hakuwa na nguvu ya kusonga ugali, na Bichage hakutaka kuita wanawake wa jirani waje waone jiko langu limekaa tu. Basi akapanga mafiga matatu nje ya nyumba yake, pale uwanjani mbele ya kila mtu, akainjika sufuria mwenyewe. Mwanamume wa Kikurya, mwenye ndevu, mwenye mama mzima anayepumua. Vijana wanaotoka kwenye matofali walikuwa wanapita njiani. "Mura!" mmoja akamwita kwa Kikurya, yaani kijana. "Umeolewa wapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Bichage hakuinua kichwa.

Nilikuwa nimekaa kizingitini kwangu, hatua kama kumi. Alimwaga unga wote mara moja badala ya kuutia kidogo kidogo. Mwiko aliushika kama koleo. Nikaona mabonge yanafanyika upande wa kushoto, na moto ulikuwa mwingi sana, unapanda mpaka kwenye mdomo wa sufuria, na harufu ya kuungua ikanifikia. Ilitakiwa atoe kuni mbili. Mbili tu.

Nilinyamaza. Akaupakua, akampelekea Liz ndani, na nikasikia kijiko chake kikikwaruza sahani, anakula.